Asilimia 0,3 isigeuke sufuri ndani ya kompyuta

Sheria ya madini ya RDC iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 ina namba moja ndogo ambayo wakaaji wa karibu na machimbo, huku Haut-Katanga na kule Lualaba, wameisikia katika mikutano mingi: 0,3. Ni asilimia ya mauzo ya mwaka ambayo kampuni ya madini inapashwa, kwa uchache, kuweka kando kwa ajili ya miradi ya jamii zinazozunguka mgodi. Wanaiita dotation. Visima, shule, vituo vya afya, barabara za mashamba, vyote vinangojea namba hiyo.

Sasa chukua namba hiyo jinsi tunavyoiandika sisi, sufuri, mkato, tatu, uipe programu iliyoandikwa kwa JavaScript, na uiombe kwa amri inayotumiwa sana, parseFloat, igeuze maandishi hayo kuwa namba. Jibu litakuwa 0. Hakuna taa nyekundu wala ujumbe wa kosa. Mashine imeona sufuri, imefika kwenye mkato, haikuuelewa, ikasimama pale na kurudisha kile ilichokuwa imekwisha kusoma.

Kwa kampuni yenye mauzo ya dola milioni 200 kwa mwaka, asilimia 0,3 ni dola 600 000. Asilimia 0 ni dola 0.

Sisemi kwamba kuna kampuni iliyofanya hivyo. Ninasema kwamba kazi hii ya kugeuza orodha za maandishi kuwa namba, ambayo kwa wataalamu wa informatiki ni kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hapa Lubumbashi ni jambo la haki na pesa, na tunaichukulia kirahisi mno. Kila mara linapozungumzwa, swali ni moja: namna gani ya kuifanya haraka? Nadhani hilo ni swali la pili. La kwanza ni kujua aliyeandika namba alikuwa anamaanisha nini.

Msomaji asiyefanya kazi ya kompyuta anaweza kujiuliza kwa nini namba inahitaji kugeuzwa kuwa namba. Ni kwa sababu kompyuta inapopokea faili kutoka Excel, kutoka fomu ya intaneti au kutoka simu, mara nyingi inapokea herufi tu. Kwake, "450" ni alama tatu zilizofuatana, kama vile "aka". Huwezi kujumlisha herufi. Ukijaribu kuunganisha "450" na "50" kwa alama ya kujumlisha, lugha nyingi za programu zitakupa "45050". Kwa hiyo programu lazima ipite kwenye orodha nzima, mstari kwa mstari, na kusema: hii ichukue kama namba. Na hapo ndipo inapokutana na desturi zetu za kuandika.

Desturi hizo ni nyingi. Wabelgiji walituachia nukta ya kutenganisha elfu na mkato, ile virgule ya darasani, wa kutenganisha sehemu ndogo: 1.250.000,50. Wafaransa wanaweka nafasi badala ya nukta: 1 250 000,50. Waingereza na Wamarekani wanafanya kinyume kabisa: 1,250,000.50. Lugha karibu zote za programu zimezaliwa upande huo wa mwisho, isipokuwa kwamba hata ule mkato wao wa elfu hawaukubali. Katika mji huu desturi zote tatu zinakaa katika biro moja. Karani amesoma kwa Kifaransa, mashine ya maabara imetoka Afrika Kusini, programu ya hesabu imenunuliwa kwa Kiingereza, na Excel ya bosi imewekwa kwa Kifaransa kwa sababu ndivyo kompyuta ilivyofika.

Hata Kiswahili chetu hakituunganishi hapa. Gazeti la Dar es Salaam likiandika bei ya shilingi elfu mbili mia nane hamsini litaandika 2,850. Sisi tutaandika 2.850 au 2 850. Lugha ni moja, na mkato una kazi mbili zinazopingana. (Katika makala hii elfu zimetenganishwa kwa nafasi, isipokuwa pale ninaponukuu jinsi namba ilivyoandikwa kwenye faili.)

Mahali pa kuona jambo hili kwa macho ni Kasumbalesa. Tuseme lori limebeba shaba, na karatasi yake upande wetu inasema 28,450 t. Kwa mtu wa Lubumbashi hizo ni tani 28 na kilo 450, uzito wa kawaida kabisa kwa lori. Lori linavuka mpaka. Mtu wa upande wa Zambia, aliyesoma kwa Kiingereza, anasoma tani elfu ishirini na nane mia nne hamsini. Binadamu atacheka, kwa sababu anajua hakuna lori la kubeba mzigo huo. Kompyuta haijawahi kuona lori. Haitacheka. Kilo 3,245 za sampuli ni hatari zaidi, kwa sababu kilo tatu na kilo elfu tatu zote zinawezekana, na hapo hata binadamu anaweza kupita bila kushtuka.

Turudi kwenye mrabaha wa madini, ile redevance. Kwa sheria ya 2018, metali kama shaba zinalipa asilimia 3,5. Amri ile ile ya parseFloat ikikutana na "3,5" itarudisha 3. Kwa mzigo wenye thamani ya dola milioni moja, badala ya dola 35 000 zitahesabiwa 30 000. Dola 5 000 zimepotea njiani. Sheria inagawa mrabaha hivi: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali pa uchimbaji, na 10 kwa mfuko wa madini kwa vizazi vijavyo. Katika zile dola 5 000, jimbo limepoteza 1 250, na chefferie, sekta au komini imepoteza 750. Fikiria sasa ni mizigo mingapi inatoka kwa mwaka mzima.

Mwandishi wa programu anayetumia Python atasema lugha yake haifanyi ujinga huo. Ni kweli. Mpe Python maandishi "0,3" na umwombe float, atakataa na kusimamisha kazi yote kwa ujumbe wa kosa. Wengi hukasirika wakiona ujumbe huo. Mimi ningemshukuru. Lakini Python naye ana mtego wake, na kwetu sisi ni mbaya zaidi.

Chukua orodha ya mishahara kwa franka za Kongo, imeandikwa kwa nukta kama inavyoandikwa katika biro nyingi. Mlinzi anapata 450.000. Msafishaji anapata 380.000. Mkurugenzi anapata 1.250.000, na naibu wake 1.100.000. Mpe Python orodha hiyo. Kwa mlinzi, "450.000" ina nukta moja, na nukta kwa Python ni alama ya sehemu ndogo, kwa hiyo anasoma mia nne hamsini kamili. Franka 450. Kwa msafishaji, franka 380. Anapita kimya. Akifika kwa mkurugenzi anakuta nukta mbili, jambo lisilowezekana katika namba, na hapo ndipo anapopiga kelele na kukataa.

Angalia kilichotokea. Mashahara mkubwa umelindwa na ujumbe wa kosa. Mshahara mdogo umegawanywa kwa elfu moja bila sauti. Na mtu aliyepewa kazi ya kurekebisha, akiwa na haraka, atarekebisha mistari ile tu iliyopiga kelele. Atatafuta namba zenye nukta mbili, ataondoa nukta, programu itakubali, atasema kazi imekwisha. Wakubwa watakuwa sawa. Wadogo hawakuonekana hata mara moja kwenye orodha ya makosa.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato zaidi. Pandas, kile kifurushi cha Python ambacho vijana wetu wengi wanakitumia kwa takwimu, kina amri to_numeric, nayo ina chaguo linaloitwa coerce. Ukilitumia, kila kitu kisichoeleweka kinageuzwa kuwa kitupu, na kazi inaendelea. Ukijumlisha baadaye, pandas inaruka yale matupu bila kukuambia. Kwa orodha yetu ya mishahara, hapo ni mkurugenzi anayetoweka, na mlinzi anabaki na franka zake 450. Jumla inatoka safi, ikiwa na mkato na nukta zake, tayari kuwekwa kwenye ripoti. Chaguo hilo lina kazi yake, lakini tu ikiwa mara baada ya kulitumia unahesabu ni mistari mingapi imekuwa mitupu na unaenda kuisoma mmoja mmoja. Asiyefanya hivyo anafagia chini ya mkeka.

Sasa tuje kwenye haraka, maana najua wapo wasomaji wa Université de Lubumbashi na wa ESIS Salama wanaongojea sehemu hiyo. Kwa kweli haraka imekwisha kupatikana. Mwaka 2021 Daniel Lemire, profesa wa chuo cha TÉLUQ kule Québec, alichapisha njia ya kusoma namba kutoka maandishi kwa kasi ya karibu gigabaiti moja kwa sekunde, na programu yake imeingizwa katika vifaa vikubwa kama GCC. Huko kuna watu wanaoshindana kwa nanosekunde, na kazi yao inatufaidi sote bila sisi kujua. Kwa orodha zetu, hata Python ya kawaida kwenye kompyuta ya kawaida inageuza maandishi milioni moja kuwa namba ndani ya muda ambao hutamaliza kupiga chafya. Ukiandika list(map(float, orodha)) imetosha. Ni biro gani ya Lubumbashi yenye orodha ya mistari milioni moja?

Uzembe unaochelewesha kazi uko kwingine. Nimeona programu zinazogeuza safu ile ile ya maandishi kila zinapoihitaji: mara moja kwa jumla, mara ya pili kwa wastani, mara ya tatu kwa mchoro. Geuza mara moja, mlangoni, faili inapoingia, kisha ndani ya programu zitembee namba tu. Nyingine zinaondoa alama kwa amri tano zinazofuatana kwa kila kisanduku, wakati usafishaji wa safu nzima unaweza kufanywa kwa pamoja. Na ukisoma faili ya CSV kwa pandas, amri read_csv inakubali uiambie tangu mwanzo desturi ya aliyeandika: sep=";" kwa sababu Excel ya Kifaransa inatenga visanduku kwa nukta-mkato, decimal="," kwa sehemu ndogo, thousands="." kwa elfu. Maneno matatu tu. Ni haraka kuliko kusafisha kwa mkono, na mtu mwingine akisoma programu yako anaona wazi ulichoamini.

Ila hapa pia kuna jiwe la kujikwaa. Ukisha kuiambia pandas kwamba nukta ni ya elfu, itaondoa kila nukta bila kuhesabu kama inafuatwa na tarakimu tatu. Ikiwa katika safu hiyo kuna mtu aliyeandika bei ya dola 2.85 kwa mtindo wa Kiingereza, itakuwa 285. Ndiyo maana ukaguzi wa umbo unapashwa kutangulia: kabla ya kugeuza chochote, uliza kama kila nukta inafuatwa na tarakimu tatu kamili, na kama mkato hauonekani zaidi ya mara moja. Mistari isiyofuata umbo hilo iwekwe pembeni na ipelekwe kwa mtu. Ukaguzi huo nao, kwa orodha ya mistari elfu chache, ni sehemu ndogo ya sekunde.

Halafu kuna ile nafasi isiyoonekana. Wanaoandika elfu kwa nafasi, kama mimi hapa, wanajua kwamba Excel na kurasa za intaneti za Kifaransa hutumia nafasi maalumu isiyokatika, ili namba isigawanyike mwisho wa mstari. Kwa macho ni nafasi. Kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa, tena ziko za aina mbili. Mtu anaandika amri ya kuondoa nafasi, anaangalia, namba bado inakataliwa, anaamini kompyuta imeharibika. Nimewasikia vijana wakitukana mashine saa nzima kwa sababu hiyo. Orodhesha herufi zote zilizomo ndani ya safu kabla ya kusafisha, na utamwona mwizi.

Lakini kuna pahali ambapo hakuna ukaguzi wa umbo utakaokuokoa. "2.850" peke yake ni nini? Umbo lake ni sahihi kwa desturi zote mbili. Inaweza kuwa franka elfu mbili mia nane hamsini, inaweza kuwa kilo mbili na gramu 850. Hapo jibu liko nje ya kompyuta, katika kujua kitu kinachopimwa. Kwa franka ya Kongo tuna bahati moja: senti hazionekani tena sokoni, kwa hiyo franka inapashwa kuwa namba nzima. Nukta yoyote katika safu ya franka ni ya elfu, na ukiona tarakimu moja au mbili baada ya nukta ya mwisho, ujue kuna kosa la mwandishi au kuna dola iliyojificha. Kwa dola, senti zipo, na sheria hiyo inaanguka. Katika mji ambapo kodi ya nyumba inasemwa kwa dola na unga unanunuliwa kwa franka, safu moja yenye sarafu mbili bila safu ya pili inayotaja sarafu ni ajali inayongoja. Wale tunaowaita cambistes, wanaokaa kando ya barabara na mafungu yao, hawafanyi kosa hilo, kwa sababu noti wanaishika mkononi. Ukiweka bei ya dola kama "2.300" na programu ikasoma mbili na sehemu tatu, mtu mwenye franka 230 000 atahesabiwa kuwa na dola 100 000. Angetamani.

Na si kila kitu chenye tarakimu ni namba. Namba ya simu inayoanza na 0, ukiigeuza, sufuri ya mbele inatoweka. Namba ya akaunti ya banki yenye tarakimu nyingi ikiingia Excel kama namba, tarakimu zote baada ya ile ya 15 zinageuzwa kuwa sufuri, na hazirudi tena. Kiwanja kilichoandikwa 12E5 kinaweza kusomwa kama milioni moja na laki mbili, kwa kuwa E katika kompyuta ni alama ya kuongeza sufuri. Jaribio langu ni jepesi: je, kuna maana ya kujumlisha viwili vya vitu hivi? Simu mbili hazijumlishwi. Basi ziachwe kama maandishi.

Msidhani haya ni matatizo ya watu maskini. Wanasayansi wa vinasaba duniani waliteswa na Excel kwa miaka, kwa sababu majina ya jeni kama SEPT2 na MARCH1 yaligeuzwa kuwa tarehe za Septemba na Machi. Uchunguzi uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba karibu moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel, katika majarida makubwa, zilikuwa na kosa la aina hiyo. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza majina mapya kwa jeni hizo. Ilikuwa rahisi kubadilisha jina la jeni kuliko kubadilisha Excel na watu wanaoitumia. Sisi hatuwezi kubadilisha jina la 0,3.

Kuhusu kanuni ya dunia, ipo. Mkutano mkuu wa vipimo, unaokutana huko Ufaransa, ulisema mwaka 1948 na ukarudia 2003: sehemu ndogo itengwe kwa nukta au kwa mkato, vyote viwili vinakubalika, lakini elfu zitenganishwe kwa nafasi tu, kamwe si kwa nukta wala mkato. Kanuni hiyo ingefuatwa, mgongano wetu wote ungekwisha, kwa sababu nukta na mkato vingekuwa na kazi moja. Biro zetu hazifuati, na wala Waingereza hawafuati. Sina tumaini kwamba barua ya waziri itabadilisha mkono wa karani aliyeandika 450.000 kwa miaka thelathini.

Wazee wa banki walikuwa na dawa yao. Kwenye hundi unaandika kiasi kwa tarakimu, kisha kwa maneno, na sheria ya pamoja ya hundi iliyokubaliwa Geneva 1931 inasema vikitofautiana, maneno ndiyo yanashinda. Walijua kwamba tarakimu zinaweza kudanganya kwa doa moja la wino. Faili za kompyuta zilipokuja, tulitupa yale maneno na tukabaki na tarakimu peke yake.

Kinachowezekana leo, bila kungoja mtu yeyote, ni kidogo na hakina gharama. Safu ya maandishi ya asili isifutwe. Ikae ndani ya faili kando ya safu ya namba, ili siku ya ubishi mtu aweze kuona kilichoandikwa mwanzo. Jumla iliyohesabiwa na kompyuta ilinganishwe na jumla iliyoandikwa kwenye karatasi kabla pesa haijatoka, maana mishahara iliyogawanywa kwa elfu haiwezi kujificha mbele ya jumla. Pesa ihesabiwe kwa namba nzima, franka kwa franka, dola kwa senti, kwa kuwa zile namba za nukta za kompyuta haziwezi hata kuandika sehemu ya kumi kwa usahihi: jumlisha 0.1 na 0.2 katika Python uone kinachotoka. Na walimu wa informatiki, tafadhali, mpeni mwanafunzi orodha chafu ya Kasumbalesa badala ya ile safi ya kitabu cha Marekani. Mkipima haraka yake, pimeni pia mistari mingapi aliikataa na kwa nini.

Kwa taasisi zinazotangaza takwimu za madini ninaomba zaidi. Namba nyingi zinazohusu mrabaha na dotation hutufikia kama PDF. Mwandishi wa habari au shirika la raia analazimika kuzinakili kwa mkono au kwa programu ya kusoma picha, ambapo sufuri inageuka herufi O, na ile 1 yetu yenye mkia mrefu inageuka 7. Kisha tunalaumiana kwamba hesabu hazilingani. Toeni faili, na juu ya faili wekeni mstari mmoja wa maelezo. Kwa dotation, mstari huo ungeweza kuwa hivi tu: kiasi ni kwa dola za Marekani, elfu zimetenganishwa kwa nafasi, sehemu ndogo kwa mkato, kiwango ni 0,3, sufuri nukta tatu kwa mia, mistari yote ni 214, jumla imeandikwa hapa chini kwa tarakimu na kwa maneno. Namba 214 ni ya mfano. Nyingine zote mnazo.